Bi. Kuruthumu Saady na Chemchemi Aliyoipima Mara Mbili

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Kuruthumu Saady anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini katika maabara yetu ya maji hapa Kasulu. Alianza na baiskeli na begi la chupa. Anaondoka akiwa Fundi Sanifu Mkuu, na kutoka hapa hadi Kibondo visima ambavyo hajavipima ni vichache.

Ni mpole, isipokuwa kwenye friji ya sampuli. Siku moja dereva wetu Melkiadi alihifadhi mtindi wake humo. Alipourudia, akaukuta umebandikwa karatasi: "Haufai kwa matumizi ya binadamu." Hakurudia tena.

Lakini mimi, msaidizi wake, namkumbuka zaidi kwa kazi ya Kagerankanda. Mwaka 2009 watoto wa kitongoji kimoja waliharisha sana. Bi. Kuruthumu akapima chemchemi yao, akakuta maji yana bakteria wa kinyesi. Kipimo cha wakati ule hakikuweza kusema ni kinyesi cha nani. Juu ya chemchemi kulikuwa na choo cha Mzee Niyomwungere, mwenye asili ya Burundi, na Bi. Kuruthumu akaandika kwenye ripoti kwamba huenda chanzo ni choo hicho. Kwenye mkutano wa kitongoji ile "huenda" haikusomwa. Mzee akahamishwa pamoja na familia yake.

Mwaka 2021 watoto walikuwa bado wanaharisha. Safari hii Bi. Kuruthumu alikuwa amejifunza kipimo kipya. Bakteria wa utumbo wa binadamu si wale wa utumbo wa ng'ombe, na vinasaba vyao huonyesha walikotoka. Tulipeleka maji kwenye maabara kubwa. Majibu yakaja: ng'ombe. Mifugo ya kitongoji kizima ilikuwa ikinywea juu ya chemchemi, miaka yote.

Hakuna aliyemtuma, lakini alikwenda na karatasi ya majibu hadi Makere, anakolima mzee huyo sasa.

"Maji ya mwaka ule siwezi kuyapima tena, mzee wangu," alisema. "Ila sikuwa na haki ya kukitaja choo chako."

Mzee akamrudishia karatasi. "Mama, mimi nimeshazeekea huku. Hiyo karatasi kaisome palepale waliposoma ile nyingine."

Bi. Kuruthumu akaisoma mbele ya mkutano wa kitongoji, na kosa lake akalitaja. Wengine walinuna, wengine waliinamisha vichwa. Mwezi uliofuata wakaizungushia chemchemi uzio na kujenga birika la mifugo bondeni. Leo watoto wanaoharisha ni wachache mno.

Mzee Niyomwungere hakurudi. Shamba lake lilishagawanywa.

Bi. Kuruthumu, asante kwa kutufundisha kuandika tunachokijua na kuishia hapo. Pumzika kwa afya na amani. Na utakapopitia Makere kumjulia hali mzee, kama ufanyavyo kila mwezi ukidhani hatujui, mfikishie salamu zetu.