Mwanasesere wa Leso

Gari likielekea Kisii kutoka Nyamira, Firdaus alikuwa akishona mwanasesere kwa leso kuukuu. Mwalimu Bosibori, aliyeketi kando yake, alishindwa kunyamaza.

"Hiyo ni ya nani, mama?"

"Ya binti yangu, zawadi ya Idi. Siku hizi anaishi kwa baba yake."

"Watoto wa sasa wanataka vitu vya duka. Ataitupa."

"Nilimbeba kwa leso hii akiwa mchanga."

"Na yeye anakumbuka?"

Firdaus aliinamia sindano. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe usiku kucha. Gari liliposimama, mwanasesere hakuwa na mdomo bado, na binti yake alikuwa tayari anakimbia kuja mlangoni pa gari.