Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

Jumatano alasiri senema ilikuwa ya wanawake. Mwanamme, hata awe kadhi, hakanyagi mlangoni. Ndiyo maana Maalim Borafya alikaa kwenye baraza ya mkabala, kikombe cha kahawa mkononi, sikio kalitega kwenye ukuta wa senema. Ndani walionyesha picha ya kuchekesha iliyotokana na vile vitabu vya watoto vya Kiingereza alivyowasomea wanafunzi wake miaka na miaka, akivigeuza kwa Kiswahili palepale darasani: mshona kofia, watoto wake saba, bibi yao, mjomba wao, na bata asiyekubali kulala nje. Picha imekuja kwa siku moja tu. Kesho inapanda meli kwenda Mombasa. Mkewe, Bi Mashavu, alikuwamo ndani. Maalim alitaka kujua jambo moja: yule bibi wamemweka kama alivyo kitabuni, au wamemharibu?

— Nyamazeni kidogo, aliwaambia wenzake wa barazani. Sasa hivi bata anaingia kitandani kwa mjomba. Mtasikia kicheko.

Wakasikiliza. Kimya. Mtoto mchanga alilia ndani, akanyamazishwa.

— Bata kafa, alisema Mmanga, ambaye kwa kutangaza habari kabla hazijatokea aliitwa Redio.

— Hakufa! Bata hafi katika kitabu hata kimoja.

— Kitabu ni kitabu, Maalim. Picha ina gharama. Wapiga picha washamla.

— We kitabu umekisoma?

— Sikukisoma.

— Picha umeiona?

— Ntaionaje, na leo siku ya wanawake?

— Basi unasema kwa lipi?

— Kwa uzoefu.

Mara ukuta ukatetemeka kwa kicheko. Maalim akashtuka. Kwa hesabu yake, hapo bibi anafunga mizigo aondoke, na darasani hapo watoto hulia kila mwaka.

— Hapo ni pa kulia! Nani anacheka?

— Wamebadilisha picha, alisema Bakar, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa hajapata kuinuka barazani bila ya kutoa hukumu. Hiyo ni ya kuwafundisha wake zetu kufunga mizigo.

— Ya watoto hiyo, Bakar!

— Ndio ujanja wenyewe.

— Si hivyo, alidakia Redio. Mnamkumbuka yule Mzungu wa mwaka jana, aliyekuja na mashine akasema anaupiga picha mlango ule? Mlango hautembei, bwana. Kutwa nzima ya nini? Alikuwa akitupiga sisi.

— Sisi?

— Sisi! Sasa hivi wamekaa humo, wanatutazama tunavyokunywa kahawa.

Kicheko kingine kikapasuka. Hakimu akaweka kikombe chini taratibu, akaivuta kanzu yake ikae vizuri.

— Wallahi, alinong'ona, na siku ile sikuvaa kofia.

Maalim akafumba macho. Amewafundisha watoto wadogo kungoja zamu, kuuliza, kufikiri kabla ya kujibu. Hawa wana ndevu! Mcha, muuza kahawa, akamjazia kikombe bila ya kuombwa.

Mlango wa senema ukafunguliwa, mabuibui yakamiminika barabarani. Bi Mashavu akaja hadi karibu na baraza, akasimama kando, akijifuta macho kwa ncha ya buibui.

— Masalkheri.

— Masalkheri, Bi Mashavu.

Maalim alikwishainuka.

— Yule bibi, Mashavu. Aliondoka?

— Aliondoka, na bata kamficha ndani ya shali. Kichwa kikachomoza mbele ya watu! Nimecheka, nimelia, sijui kipi kilitangulia. Na Kiingereza chenyewe sikijui.

— Ndivyo! Ndivyo hasa! Hawakumharibu!

Akawageukia wenzake, uso umemng'ara. Bi Mashavu akamngoja amalize kufurahi.

— Maalim, vitabu hivyo si ndivyo vilivyo juu ya kabati, nnavyovipangusa vumbi kila Ijumaa?

— Ndivyo.

— Umewasomea watoto wa mji mzima. Mimi mbona hukunisomea hata kimoja?

Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtoto wa darasa la kwanza anavyouliza, kwa kutaka kujua. Maalim akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama ndani ya kikombe. Redio hakuwa na habari. Maalim akataka kusema kwamba hakuna aliyemwomba, akakumbuka mara ngapi amewaambia wanafunzi kuwa hilo si jibu.

Bi Mashavu akaungana na wenzake, wakashika njia ya Kikwajuni, bila ya haraka.

— Kahawa imekwisha, Maalim, nenda nyumbani, alisema Mcha, na dele lake la kahawa bado zito mkononi.