Kidonge Alichosaga Chujio

Siku hiyo kijiweni walikuwapo wanne: Kiraka fundi viatu, Dokta Redio ambaye hakusomea udaktari popote, Mama Birika mwenye kahawa, na Chujio. Chujio jina alilipata kazini. Mwaka wa kumi na moja sasa anachemsha gundi ya miti, anaichuja, anaikausha na kuisaga, kisha inapelekwa kiwandani kugeuzwa kwa kemikali na kutiwa kwenye vidonge. Asubuhi hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Kiraka alipomwona akasogea, akamwachia upande wenye kivuli.

— Mama yako vipi? akauliza Mama Birika, huku akimjazia Chujio kikombe ambacho hakukiagiza.

— Jana kaanguka jikoni. Akishapewa dawa ya presha asubuhi, saa moja haipiti, kizunguzungu. Jioni presha imepanda tena, kichwa kinamgonga.

— Dawa feki hiyo! akasema Dokta Redio. Wanachanganya na chokaa.

— Chokaa gani, bwana wewe? Kiraka akadakia. Hapo kuna mkono wa mtu. Yule jirani anayemletea uji kila siku, anataka nini?

— Anataka mgonjwa ale! Mama Birika akamkaripia. Usimsingizie mama wa watu.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni, kiatu kilichokatika mkononi. Kiraka akakipokea, akaanza kushona. Dokta Redio akapandisha sauti, maana sasa alikuwa na msikilizaji mpya.

— Basi ni gundi! Hiyo hiyo unayosaga, Chujio. Iko ndani ya vidonge vya mama. Inapanda hadi kwenye ubongo, inagandisha mawazo, mtu anasahau hata kusimama.

— Wewe ilikugandisha tangu utotoni, akasema Kiraka.

Wakacheka kidogo. Chujio hakucheka.

— Dawa nampa kwa mkono wangu mwenyewe, akasema. Koo lake limebana, hawezi kumeza kitu kigumu. Basi namsagia, laini kabisa, nachekecha kwa kitambaa kama ninavyofanya kazini, natia asali. Hata chembe haimkwaruzi.

— Mungu akupe umri, mwanangu, akasema Mama Birika.

Yule mgeni akambembeleza mtoto mgongoni, kisha akauliza kwa haya:

— Samahani, kaka. Mimi sikusoma sana. Hiyo gundi wanaitia kwenye dawa ifanye kazi gani?

Kiraka akamtazama Dokta Redio. Dokta Redio akaomba kahawa nyingine. Miaka yote hiyo Chujio hakuwahi kuuliza. Akainuka, akaiacha kahawa inafuka, akaenda kazini karibu kukimbia.

Alipomweleza msimamizi wake anavyomsagia mama kidonge, msimamizi hakumcheka. Alimkalisha juu ya gunia, akamweleza taratibu: gundi ikilowa tumboni hufura, huishika dawa na kuiachia kidogo kidogo, kutwa kucha. Ukikisaga kidonge, dawa yote inaingia kwa mpigo mmoja, na jioni hakuna kilichobaki. Kile ni cha kumeza kizima. Asiyeweza kumeza hutafutiwa dawa nyingine.

— Sasa mimi nimemfanya nini mama yangu? akauliza Chujio.

Msimamizi akamfungua kamba za aproni aliyokuja ameivaa, kwa mikono yake.

— Nenda nyumbani, ndugu yangu. Kazi yako nitaifanya mimi.

Mama alitafutiwa dawa nyingine, lakini aliishi siku tisa tu baada ya hapo.