Mama Hiari na Mawakili Wasiopangiwa Zamu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, familia imenituma nisome, nami nitasoma nilivyoandika, bila kupaka rangi.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Hiari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akahitimu sheria chuo kikuu mwaka 1980, na tarehe 3 Februari 1982 akaapishwa kuwa wakili, akivaa joho alilolishona baba yetu mwenyewe, fundi cherehani, ambaye kwa furaha alikosea vipimo, mkono wa kushoto ukazidi wa kulia, dada akakataa katakata lisirekebishwe.

Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu hapa, wakili mwenzake, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1996 alifungua kesi kupinga sheria inayomlazimisha kila wakili kujiunga na chama cha mawakili, si kwa kukichukia chama, bali kwa kuamini kwamba undugu wa kulazimishana si undugu, ndipo mkamwita Mama Hiari, na aliyesimama kukitetea chama alikuwa mumewe, mchana wakivutana mbele ya jaji, jioni wakimenya viazi pamoja, binti mdogo akiuliza, "Leo nani kashinda?"

Tarehe 9 Mei 1997 alishindwa, akasema hukumu ni hukumu, akajitoa chamani, akatundika joho nyuma ya mlango, na kwa kuwa asiye mwanachama haruhusiwi kusimama mahakamani, akafundisha wanafunzi wa sheria nyuma ya karakana yangu, mimi nikigonga vyuma, yeye akipaza sauti, huku shemeji kila mwaka akilipiga pasi lile joho.

Aliugua figo tangu Agosti mwaka jana, akafariki asubuhi ya Jumanne iliyopita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Kitandani lilimsumbua jambo moja tu, kwamba mwanachama akifa chama hupanga zamu ya mawakili wa kusimama na majoho kando ya jeneza, lakini asiye mwanachama hapangiwi mtu. Akaniambia, "Mdogo wangu, wasipokuja usiwatukane." Nikamjibu, "Nitawatukana, dada." Akacheka mpaka akapaliwa.

Na matusi nilikuwa nayo tayari, sifichi, ila leo mmefika na majoho yenu mpaka mmejaa barabarani, nikamfuata mwenyekiti wenu nikamuuliza nani kawapangia zamu, akasema, "Hakuna, kaka, kila mtu kaletwa na moyo wake." Nimeyameza yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, wanafunzi wake, nanyi mawakili ambao hakuna aliyewalazimisha.

Dada, joho umevaa, mkono mmoja bado mrefu, na chama ulichokitaka hiki hapa, kimekuzunguka. Sasa pumzika, Mama Hiari, kwa amani.