Soya ya Siku ya Harusi

Ndani ya angkot, daladala ya kwenda sokoni Malang, Indonesia, mama mmoja alipakata kikapu cha tempe, soya iliyochachushwa, ingali na joto ndani ya majani ya mgomba. Jina lake Sarmi. Alijitambulisha kwa gari zima. "Shika, mwanangu! Inapumua!"

Binti wa pembeni, Ratri, akashika. "Mimi pia nauza tempe, mama. Juzi nilipumzika kidogo tu, leo sina cha kuuza. Naenda kuwaomba radhi wateja."

"Ndiyo tempe hiyo! Huiva kwa siku mbili; ukilala leo, inakusema keshokutwa. Mimi siku ya harusi yangu nilichemsha soya kwanza, ndipo nikajipamba!"

"Na bwana harusi?"

"Alikuwa anakoroga!"

Gari zima likacheka, hata mimi abiria wa nyuma, nisiyecheka kabla ya kahawa.

"Hiyo siyo biashara, mama, ni kifungo!" akasema Ratri.

"Kifungo? Nilianza na kikapu hiki kimoja, sasa nina vibanda vitatu!"

"Basi una vifungo vitatu!"

Gari likasimama. Mama Sarmi akashuka akisonya. Ratri akakidaka kikapu cha mama, akajitwisha, akamfuata huku bado anagomba: "Kifungo tu, nasema! Kesho unachemsha saa ngapi?"