Mkate wa Ngano Iliyoota: Tata Mukalay Anaondoka, Tanuri Linabaki

Tarehe 30 Septemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi minane, Tata Mukalay Stany, mwokaji mkuu wa jiko la hospitali yetu ya kanisa hapa Kolwezi, atastaafu rasmi. Nasema "rasmi" kwa sababu aproni yake bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, na kila anayenyoosha mkono kuiondoa anatazamwa kwa lile jicho ambalo sote tunalijua.

Alizaliwa Kasaji, hatua chache kutoka relini, akajifunza kuoka kwa mjomba wake aliyewauzia abiria wa treni mikate ya moto kupitia madirishani. Aliingia kwetu tarehe 1 Februari 1991, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye baiskeli moja na mashati mawili. Hakuajiriwa kuoka. Aliajiriwa kuosha sufuria. Mwezi wa tano mwokaji wa wakati ule aliugua, na Mukalay akaomba apewe tanuri kwa siku moja tu. Hajalirudisha mpaka leo.

Ukimwalika harusini, usishangae akiupasua mkate kabla ya sala na kuunusa ndani. Mwaka ule unga wa ngano ulipoadimika mjini, alichanganya unga wa muhogo akaapa kwamba hakuna atakayetambua. Mkate mmoja ulianguka kutoka mezani ukavunja kigae cha sakafu. Kigae hicho hakijabadilishwa, na ni yeye mwenyewe anayewaonyesha wageni, tena kwa fahari. Ndivyo alivyo. Makosa yake hayafichi. Huyaweka mahali watu watakapoyakanyaga.

Lakini si kwa kigae tunamwandikia leo. Tunamwandikia kwa sababu ya mkate mmoja aliokataa kushindwa nao.

Mwaka 2014 wodi ya wagonjwa wa sukari ilikuwa na mzee aitwaye Tata Ngeleka, dereva mstaafu wa mitambo mikubwa ya mgodini, anayeishi Musonoi. Sukari yake ilikuwa haishuki. Dawa alikuwa anakunywa, chakula kilipimwa, na bado kila asubuhi kipimo kilimkasirisha Mama Laure, muuguzi mkuu wa wodi. Siku moja Mama Laure alitandika upya kitanda cha mzee, akakuta chini ya mto mkate mweupe mzima. Mzee alikuwa ameupata wodi ya wazazi kwa kubadilishana na kipande cha sabuni.

Mkate ule uliletwa jikoni kama ushahidi. Tata Mukalay aliugeuza, akaona mikato mitatu ya kisu juu yake, alama anayoiweka kila siku kwa mkono wake. Ulikuwa mkate wake. Alivua aproni akaenda wodini kumwona mzee, na mzee hakuomba radhi hata kidogo. Alimwambia hivi: "Tata, tangu niko mutoto, chai yangu inaenda na mukate. Munaninyang'anya mukate, munaniachia nini? Maji ya moto?"

Tata Mukalay alirudi jikoni na swali hilo. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akijiona anawalisha wagonjwa, kumbe wapo ambao mkate wake ulikuwa unawaumiza, na wengine waliokatazwa walikuwa wanauota usiku. Baada ya siku tatu aligonga mlango wa Dokta Ntambwe akauliza kama duniani kuna mkate ambao mtu mwenye sukari anaweza kuula bila kujificha.

Daktari alimweleza kwamba upo unaojaribiwa: mkate wa nafaka nzima iliyooteshwa kwanza. Punje ikilowekwa na kuanza kuota, huamka na kuanza kuila akiba yake yenyewe. Madini kama chuma na zinki, ambayo punje kavu huyafungia, huachiliwa, na mwili huyapata kwa urahisi zaidi. Tumbo nalo halisumbuki sana. Na kwa kuwa pumba zote zimo, mkate huo hushibisha, na sukari huingia mwilini taratibu kuliko ile ya mkate mweupe. Si dawa, daktari alisisitiza, na bado lazima mtu apimiwe vipande. Namna ya kuuoka daktari hakuijua.

Sasa, wasomaji wa Kolwezi, niambieni: mjini kwetu ni nani hasa anayejua kuotesha nafaka? Sote tunamjua. Ni mama anayepika lutuku, ile pombe kali ya mahindi. Kuuliza si ujinga, na Tata Mukalay, Mkristo asiyeonja hata bia, alipanda baiskeli mpaka Musonoi kwa Mama Kabedi, ambaye mitungi yake inajulikana kuliko jina lake. Mama Kabedi alimpokea kwa kicheko: "We mwanaume wa kanisa, unatafuta nini huku kwangu?" Alipoelezwa, aliacha kucheka, akamketisha, akamfundisha yote bila kumficha kitu. Loweka usiku mmoja. Tandaza juu ya gunia. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tano, mpaka mizizi ishikane kama nywele ambazo hazijachanwa.

Alifanya hivyohivyo kwa ngano nzima iliyoletwa na wachuuzi kutoka Zambia. Aliisaga ikiwa mbichi kwa mashine ya umeme ya kusagia nyama, akakanda, akaoka. Kilichotoka tanurini kilikuwa na ganda zuri, na ndani gundi. Kisu kiliingia kikatoka kimevaa koti. Alirudia mara ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, na kila mara sisi wa ofisini tuliletewa tuonje. Hatukupata la kusema kwa sababu midomo ilikuwa imeshikana.

Wakati huohuo magunia yenye nafaka mbichi yalikuwa yametandazwa nyuma ya jiko, yakitoa harufu tamutamu. Mlinzi wetu wa enzi hizo, ambaye pua yake ilikuwa na uzoefu mrefu, aliitambua mara moja. Alikuja ofisini kunong'ona kwamba jikoni kunatengenezwa kimea, na kwamba mwokaji alionekana kwa Mama Kabedi, si mara moja. Barua iliandikwa siku hiyohiyo kwa kamati ya hospitali: kwenye kiwanja cha kanisa kunapikwa lutuku.

Barua ile niliiandika mimi wa ofisi ya katibu. Kutoka meza yangu mpaka nyuma ya jiko ni hatua thelathini, nami sikuzitembea. Nilikuwa na miaka mitano tu kazini, nilipenda mambo yaliyonyooka, na niliamini pua ya mlinzi kuliko miaka ishirini na mitatu ya mtu ambaye nilikula mkate wake kila asubuhi.

Aliitwa mbele ya kamati, na kazi yake ilikuwa hatarini kwelikweli. Mchungaji mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli alifundishwa na mpika pombe. Angeweza kukana. Mama Kabedi asingekuja kutoa ushahidi. Yeye alijibu: "Ndiyo, Pasta. Ule mama ndiyo anajua kuotesha mbegu. Mi nilienda kujifunza, sikuenda kunywa. Munipe mwezi moja. Kama mukate inakataa, mi mwenyewe nitaleta barua ya kuacha kazi." Wajumbe wakampa huo mwezi. Mchungaji aliongeza sharti moja: magunia yahamishiwe mbele ya jiko, kila mtu ayaone.

Wiki tatu zilipita kwa gundi. Tulianza kumhurumia, na huruma yetu ilimuudhi kuliko barua yangu. Alibadilisha maji, akabadilisha hamira, akapunguza moto, akaongeza moto, akaandika kila jaribio ukutani kwa mkaa. Mkewe alituambia kwamba hata nyumbani alikuwa akiotesha maharage ndani ya kikombe chake cha chai.

Kisha umeme ukamsaidia, jambo ambalo halitokei mara nyingi hapa kwetu. Lilitoka tangazo kwamba mtaa wetu utakuwa gizani siku nne kuanzia saa sita mchana wa siku hiyohiyo. Ngano aliyokuwa ameiloweka ilikuwa na siku moja na nusu tu, na kila punje ilikuwa imetoa jino dogo jeupe, basi. Kuiacha kungemaanisha kuikuta imeoza kabla mashine haijawaka tena. Aliisaga hivyohivyo kwa shingo upande, akachanganya na ulezi kidogo, akaoka bila matumaini.

Mkate ulikatika. Ulikatika vipande safi, vyembamba, vilivyosimama wima kwenye sahani.

Hapo ndipo alipoelewa, na akatueleza sote kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo lake mwenyewe. Mama Kabedi hakumfundisha vibaya. Alimfundisha kazi yake. Mpika pombe anaacha mche urefuke kwa sababu anataka nguvu yote ya punje igeuke sukari. Mwokaji anataka punje iamke tu, isiinuke kitandani. Ukiichelewesha, nguvu ya kushika mkate inakwisha na sukari inazidi, na mgonjwa wako hakuna ulilomsaidia. Alikwenda mbele ya kamati na sahani mbili, moja ya mizizi iliyosukana, nyingine ya meno meupe. Aliwapa mkate.

Ladha yake niieleze kwa wale ambao bado wanakula mweupe. Ganda ni gumu, linataka meno. Ndani ni mzito na una unyevu, wenye utamu mdogo usiotoka kwenye kopo la sukari, na nyuma ya utamu kuna kitu kinachokaribia karanga iliyokaangwa. Haupotei mdomoni kama pamba. Ukipakwa parachichi na chumvi kidogo, mtu anakula polepole na anajikuta ameshiba kwa vipande viwili. Asubuhi ile kipande changu kililetwa mezani kwangu na mwokaji mwenyewe. "Mama secrétaire, onja," alisema. "Ukilewa, andika ingine barua."

Mama Laure alimpima Tata Ngeleka kwa wiki mbili, kabla ya chai na saa mbili baada yake. Sukari ilipanda, kama inavyopanda kwa kila mwenye kula, lakini haikuruka tena kama zamani. Zaidi ya hapo, mzee aliacha kuficha chakula, na dawa zikapata nafasi ya kufanya kazi yao. Leo ana miaka sabini na minne na bado anakuja kila Alhamisi, siku ya kliniki ya sukari, kuchukua mkate wake. Mtu akithubutu kusema kwamba mkate ndio uliomponya, Tata Mukalay hukasirika: "Mukate haiponyeshe. Inasaidia tu. Kunywa dawa yako."

Mwezi Agosti mwaka huu ilipendekezwa mbele ya kamati kwamba, mwokaji akistaafu, tanuri lizimwe na mkate mweupe ununuliwe mjini. Hoja ilikuwa kwamba mkate ule ni wa mtu mmoja, akiondoka nao umekwisha. Tata Mukalay aliomba dakika tano. Alisema: "Mi ninaenda. Bagonjwa banabakia. Munafunga tanuri juu ya nini, sababu gani?" Kisha akawaambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa analijua: tangu tarehe mosi ya mwezi ule hakuwa ameugusa unga. Mikate yote iliyoliwa, hata ile iliyokuwa mezani mbele ya wajumbe, ilikuwa imeokwa na wasaidizi wake wa jikoni, Mama Jocelyne na Abigaëlle, peke yao, yeye akiwa amekaa kwenye kiti mikono mfukoni. Hakuna mgonjwa aliyelalamika. Hakuna mjumbe aliyehisi tofauti. Sijawahi kumwona mtu akipigania kwa nguvu namna hiyo kuonyesha kwamba hahitajiki. Tanuri linabaki, na uamuzi umeandikwa. Safari hii niliuandika kwa moyo mweupe.

Tata Mukalay, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa mikate ya miaka thelathini na minne, asante kwa subira yako na kwa ukali wako. Na kwa niaba yangu mwenyewe: sijawahi kukuomba radhi kwa maandishi, ingawa nilikushtaki kwa maandishi. Leo nakuomba radhi hapa, wote wakisoma.

Limebaki jambo moja, ambalo ameniruhusu kuliandika. Kila anayestaafu hupimwa afya. Majibu yake aliyapata mwishoni mwa Julai, akayafungia kwenye droo, asimwambie mtu mpaka kamati ilipokwisha kuamua, kwa sababu hakutaka tanuri libaki kwa kuonewa huruma. Ana ugonjwa wa sukari.

Basi Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, hatapita mlango wa jiko. Atapita mlango wa wagonjwa, na daftari lake jipya la kliniki mkononi, akae kwenye benchi karibu na Tata Ngeleka, akisubiri kuitwa jina. Mama Jocelyne tayari ameandika ubaoni idadi ya vipande vya mkate vya Alhamisi hiyo, na ameongeza viwili. Uwe na siku nyingi na njema, Tata. Chai yako haitanywewa kavu.

Darlène Mpoyi
Ofisi ya Katibu