Daktari wa Mabomba Aliyeikatalia Hoteli Yetu Kufa

Tarehe 30 Juni fundi mkuu wa bomba wa hoteli yetu, tunayemwita Daktari, anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja. Hoteli yenyewe ina miaka tisini, kwa hiyo karibu nusu ya historia yake ameitazama akiwa chini ya sinki.

Aliajiriwa enzi ambazo ukumbi wa dansi ulikuwa na bendi yake, na wageni walishuka ngazi za marumaru kama maharusi. Magazeti yaliandika nani kalala chumba gani. Daktari alijua nani kaziba choo. Anaondoka na siri hizo, ingawa wapo waheshimiwa ambao hadi leo wakikutana naye kwenye korido huanza kukagua viatu vyao.

Amefanya kazi chini ya mameneja kumi na mmoja, na wote aliwaita "wageni wa muda mrefu". Mmoja alimwamuru asionekane mapokezi akiwa na ovaroli. Daktari akatii: siku bomba la mapokezi lilipopasuka, alikwenda kwanza kuvaa suti. Meneja alimsubiri huku maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Amri ilifutwa kabla zulia halijakauka.

Miaka sita iliyopita mzaha uliisha. Ukuta wa ukumbi wa dansi ulilowa ukavimba, na wataalamu wenye kofia mpya wakaandika kwamba jengo limeoza, livunjwe. Tukaanza kuagana. Daktari akaingia kwenye mkutano wa wamiliki bila kualikwa, akawaambia, "Mgonjwa anaumwa jino, nyinyi mnachimba kaburi."

Akaomba siku moja. Alipanda hadi chumba namba 312, juu ya ukumbi huo, akabomoa vigae nyuma ya bafu, akakuta kiungo cha bomba kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekifunga mwenyewe, mwaka wake wa pili kazini. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akashuka na kitambaa mkononi, akasema mbele ya wote, "Kosa ni langu." Akabadilisha kiungo, ukuta ukakauka, hoteli ikabaki, na wamiliki wakamwambia naye abaki.

Wiki iliyopita tulimzawadia yeye na mkewe siku mbili katika chumba cha kifahari, chenye bafu alilolitengeneza mara zisizo na idadi bila kuoga humo hata mara moja. Mhudumu aliyepeleka taulo alimsikia mama akipaza sauti kutoka ndani: "Baba Watoto, kumbe haya ndiyo uliyokuwa ukiwafanyia watu baki!"

Asante, Daktari. Tunakutakia afya, raha na miaka mingi ya maji moto. Kwa usalama wako, anza na bomba la nyumbani.